Mikono ya mtoto ikivimba bila kidonda



Kila mwaka, tukifika kwenye somo la mwili wa mtu, nawaambia wanafunzi wangu wa mwaka wa tano waweke mkono wa kuume juu ya meza, washike sehemu iliyo kati ya kiwiko na kiganja, kisha wachezeshe vidole. Wanacheka, kwa sababu wanasikia nyama ikitembea mbali na vidole vyenyewe. Hapo nawaeleza kwamba vidole havina misuli yake ya kuvikunja. Vinavutwa na kano ndefu, kama kamba, na misuli inayozivuta imekaa huku juu. Nawahesabia mifupa: mkono mmoja, toka kwenye kifundo hadi ncha za vidole, una mifupa 27. Ni somo wanalolipenda. Lakini kitabu chetu hakisemi neno moja ambalo mama mwenye mtoto mdogo anapaswa kulijua: kwamba katika mtoto mchanga ile mifupa midogo ya vidole ni kiwanda cha damu. Ndani yake kuna uboho mwekundu unaofanya kazi usiku na mchana. Nimejifunza hilo nikiwa na diploma yangu ya chuo cha walimu tayari mkononi, na nimejifunza kwa sababu ya mtoto wa mdogo wangu.

Mdogo wangu ameolewa Alunguli. Mtoto wake wa kwanza alikuwa na miezi minane, mnono, anakaa mwenyewe, ameanza kushika kila kitu. Asubuhi moja, baada ya usiku wa mvua na baridi, aliamka analia na hataki kushikwa. Migongo ya mikono yote miwili ilikuwa imejaa, na vidole vimevimba kama mikate iliyotoka sasa hivi katika mafuta. Hapakuwa na kidonda, wala alama ya kuumwa na mdudu. Kesho yake miguu nayo ikavimba, juu, pale kamba ya kiatu inapopita. Joto lilikuwa kidogo tu. Kilichomtisha mdogo wangu zaidi ni kwamba mtoto aliacha kushika ziwa. Mnajua jinsi mtoto wa miezi ile anavyolishika ziwa kwa mikono miwili kama mwenye mali. Sasa alinyonya mikono ikining'inia.

Maneno yakaanza. Shangazi mmoja akasema yule msichana anayembeba mtoto amemvuta mikono, na msichana wa watu akalia siku nzima. Mama mkwe akauliza mdogo wangu alikula kwa nani siku ya matanga. Jirani akaleta mzee wa kuchanja. Chale sita juu ya kila mkono, na majivu ya dawa yakapakwa humo. Wakati huohuo, katika kituo kimoja cha afya walisema ni maambukizi, wakampa sindano za siku tano. Siku ya nane mikono ikarudi kama zamani.

Na hapo ndipo penye mtego. Uvimbe huu hupungua wenyewe, mara nyingi katika siku chache, mara nyingine wiki mbili. Kwa hiyo kila aliyefanya kitu anajisifu. Mzee wa chale alisema ni chale zake. Kituo kilisema ni sindano. Shangazi alisema ni kwa sababu msichana amefukuzwa. Mtoto alipona mikono, na ugonjwa ukabaki ndani yake bila mtu yeyote kuutaja kwa jina.

Baada ya miezi miwili ikarudi. Safari hii ilikuwa likizo, nami nilikuwepo. Tulivuka mto na mtoto mgongoni kwa mama yake, tukaenda kwa muuguzi mmoja wa makamo, mama ambaye hasemi sana. Hakuanza na sindano. Aliuliza mtoto ana miezi mingapi, na kama ni mara ya kwanza. Aliangalia kila kidole akitafuta kidonda. Akavuta chini ngozi ya jicho kuona wekundu, akaangalia viganja, akaangalia kama macho yana umanjano, akamlaza na kumpapasa tumbo upande wa kushoto. Ndipo akauliza: "Damu yake mmekwisha pima?" Mdogo wangu akajibu kwamba walipima malaria. Akasema: "Si malaria ninayouliza, mama. Nauliza kama ni SS."

Neno hilo wote tunalijua, na ndiyo maana mdogo wangu alikaa chini. Wauguzi husema drepanositozi. Majirani zetu wa Tanzania husema selimundu. Mitaani kwetu ni SS tu, na mara nyingi linasemwa kwa sauti ya chini kama vile mtoto amekwisha kufa. Tulikuwa tunajua kwamba watoto wa SS hukosa damu, hupewa damu, huumwa mifupa. Katika familia yetu hakuna aliyejua kwamba ugonjwa huu hupenda kujitambulisha kwanza kwenye mikono na miguu ya mtoto mchanga.

Nitaeleza kama ninavyowaeleza wanafunzi. Damu ni nyekundu kwa sababu ya chembe zake, na kila chembe nzuri ni ya mviringo, laini, inajikunja na kupita hata katika mshipa mwembamba kuliko unywele. Mtoto wa SS ana chembe ambazo, zikikosa hewa, maji au joto la kutosha, hugeuka ngumu na kupinda kama mundu wa kukatia mpunga. Chembe za namna hiyo hukwama. Zikikwama, nyama au mfupa ulio mbele yake haupati damu, na maumivu yake ni makali kweli. Katika mtoto mdogo mifupa ya vidole imejaa uboho unaotaka damu nyingi, na mishipa yake ni myembamba, tena iko mbali na moyo, mahali panapopata baridi upesi. Basi ndipo zinapokwama. Mfupa unaumia kwa ndani na nyama ya juu inajaa maji.

Na kwa nini si mapema, siku anapozaliwa? Kwa sababu mtoto hutoka tumboni na damu ya namna nyingine, damu ya mimba, ambayo haipindi. Inamlinda miezi ya kwanza. Kuanzia karibu miezi sita inapungua na ile yake mwenyewe inachukua nafasi. Ndiyo sababu mtoto anaonekana mzima kabisa, watu wanamsifu, na ghafla mikono inavimba. Na ndiyo sababu pia familia hutafuta mchawi, kwa kuwa "alizaliwa vizuri". Baada ya miaka minne au mitano uboho mwekundu huondoka katika mifupa ya vidole, na uvimbe huu hauonekani tena sana. Maumivu huhamia katika mapaja, mgongo, kifua. Kwa hiyo mlango huu wa kuujua ugonjwa kupitia mikono uko wazi miaka michache tu.

Wazungu waliandika habari za ugonjwa huu kwa mara ya kwanza mwaka 1910: daktari James Herrick wa Chicago alieleza damu ya kijana mmoja aliyekuja kusoma udaktari wa meno kutoka kisiwa cha Grenada. Lakini Afrika ilikuwa na majina yake kabla ya hapo. Daktari Konotey-Ahulu wa Ghana ameandika jinsi makabila ya kwao yalivyouita ugonjwa huu kwa maneno yanayoiga kilio na maumivu, na katika ukoo wake mwenyewe aliufuata nyuma hadi mwaka 1670. Ninapenda habari hiyo. Wale bibi walikuwa wameona kwamba ni ugonjwa wa mifupa unaorudi, na kwamba unafuata ukoo; walikosa hadubini tu.

Turudi kwetu. Muuguzi aliandika kipimo, na hapa nawaomba msome polepole, kwa sababu watu wengi wanachanganyikiwa na karatasi hizi. Kipimo kinachopatikana kwa urahisi katika miji yetu kinaitwa Emmel, kwa jina la daktari aliyekianzisha mwaka 1917. Wanachukua tone la damu, wanalifunika lisipate hewa, wanangoja, kisha wanaangalia kama chembe zinapinda. Kikisema ndiyo, maana yake ni kwamba ile S imo ndani ya damu. Hakisemi kama ni S moja au mbili. Mtu mwenye moja, AS, ni mzima, analima, anazaa, anacheza mpira. Mwenye mbili, SS, ndiye mgonjwa. Ili kutenganisha hao wawili kinahitajika kipimo kingine kinachoitwa elektroforezi, au vile vipimo vipya vya haraka vya tone moja la damu ambavyo vimeanza kufika sehemu nyingine. Nimeona uchumba ukivunjika kwa sababu ya karatasi ya Emmel peke yake. Nimeona pia mama akiambiwa mtoto "ana SS" kumbe ni AS, akamlea miaka mitatu kama yai.

Damu ya mtoto wetu ilikuwa SS.

Shemeji yangu ni mtu mwema, anavusha watu na mizigo kwa mtumbwi wa mota, hapigi mke. Lakini siku ile alisema neno ambalo wanaume wengi husema: katika ukoo wetu ugonjwa huo haupo. Maana yake wote tuliielewa. Kama haupo kwao, umetoka kwa mke. Mama mkwe akaongeza kwamba alikuwa na wasiwasi tangu mwanzo. Mdogo wangu hakujibu. Aliniangalia tu, akasema, "Yaya, wewe ni mwalimu."

Niliomba vikombe viwili na maharage. Nikaweka katika kikombe cha kwanza harage moja jekundu na moja jeupe, nikasema: huyu ni baba. Katika cha pili vilevile: huyu ni mama. Nyekundu ni A, nyeupe ni S. Baba ana jekundu, kwa hiyo ni mzima, na jeupe lake limejificha. Babu yake naye angeweza kuwa nalo na bibi yake, bila hata mmoja kuumwa siku moja. Nikamwita mtoto wa jirani, afumbe macho, achukue harage moja katika kila kikombe. Hayo mawili ndiyo mtoto aliyezaliwa. Kisha nikarudisha maharage katika vikombe na kuanza tena. Tulifanya mara 20, shemeji mwenyewe akiandika kwa biki nyuma ya kalenda. Meupe mawili yalikutana mara 6. Mekundu mawili, mara 4. Zilizobaki zilikuwa mchanganyiko.

Mama mkwe, ambaye alikuwa anaangalia kwa pembe ya jicho huku akichambua sombe, aliuliza swali zuri kuliko yote: "Kwa hiyo huyu amekwisha chukua yale mabaya, watatu wanaofuata watakuwa wazima?" Hapana, mama. Ndiyo maana ninarudisha maharage kikombeni. Kila mimba inaanza upya, na kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuwa SS. Kuna nyumba imepata watoto watano bila mgonjwa, na kuna nyumba imepata watatu mfululizo. Lakini harage jeupe moja haliwezi kuleta ugonjwa huu wa SS. Lazima atoe mama na atoe baba.

Shemeji alikaa kimya, akageuza kalenda, akaigeuza tena. Mwishoni akasema: "Basi na mimi nina maharage meupe." Wiki iliyofuata alikwenda kupimwa mwenyewe. AS. Sijui kama maneno tu yangemfikisha hapo. Nadhani ni kwa sababu aliandika mwenyewe.

Tena si aibu kuwa na harage hilo. Mwaka 1954 daktari Anthony Allison alionyesha, kwa kazi aliyoifanya Afrika ya Mashariki, kwamba watoto wa AS hawauawi kirahisi na malaria. Hiyo ndiyo sababu S imejaa katika nchi za mbu kama yetu. Madaktari wa Kinshasa waliwahi kupima damu ya watoto wachanga 31,204. Karibu 17 katika kila 100 walikuwa AS, na 428 walikuwa SS. Ukiniuliza, katika darasa langu la watoto hamsini ninapaswa kuwaza kwamba wanane hivi wana harage jeupe, na hawajui.

Nilianza kusoma. Mwalimu akishikwa na jambo hasinzii, na mwenzangu anayefundisha biolojia alinisaidia kwa makaratasi ya Kifaransa. Niliyoyapata yalinipa moyo kuliko nilivyotazamia.

La kwanza linahusu wamama kama sisi. Kule Jamaika, kuanzia mwaka 1973, daktari Graham Serjeant na wenzake walipima watoto 100,000 waliozaliwa katika maternite kubwa ya Kingston, wakawafuata wale wa SS tangu siku ya kwanza. Waliona kwamba wengi walikuwa wanakufa ghafla kwa sababu wengu, kile kiungo cha upande wa kushoto chini ya mbavu, unanyonya damu yote kwa saa chache na kuvimba. Basi wakawafundisha wamama kupapasa tumbo la mtoto nyumbani, na kukimbia hospitalini wakisikia wengu umekua. Vifo vya namna hiyo vilishuka sana. Vidole vya mama tu! Muuguzi wetu naye alimfundisha mdogo wangu: mtoto akiwa amelala chali, ametulia, unaanza chini karibu na kitovu unapanda polepole kuelekea mbavu za kushoto. Anafanya hivyo kila jioni anapomvua nguo.

La pili ni penisilini. Wengu wa mtoto wa SS huharibika mapema, na bila huo vijidudu vya kifua na vya ubongo humwua upesi. Utafiti wa Marekani uliotangazwa mwaka 1986 ulionyesha kwamba penisilini ya kumeza, mara mbili kwa siku, ilipunguza maambukizi mabaya ya namna hiyo kwa asilimia 84. Ni dawa ya zamani, si ya bei ya kutisha. Kazi ngumu ni kuitoa kila siku, asubuhi na jioni, kwa miaka, kwa mtoto anayeonekana hana kitu.

La tatu linahusu mikono yenyewe. Kuna dawa inayoitwa hidroksiyurea, ambayo inaurudishia mwili ile damu ya mimba isiyopinda. Mwaka 2011 Wamarekani walitangaza utafiti walioufanya kwa watoto wachanga 193 wa miezi 9 hadi 18. Nusu walipata dawa, nusu walipata sharubati isiyo na dawa. Katika miaka miwili, waliokosa dawa walivimba mikono na miguu mara 123. Waliopata dawa, mara 24. Nilipoisoma namba hiyo niliwaza habari za ziwa na ile mikono iliyokuwa inaning'inia.

Nilijua mtauliza: hiyo ni Marekani, huku kwetu kuna malaria, kuna njaa. Swali hilohilo waliuliza madaktari wa Afrika. Walijaribu dawa hiyo kwa watoto 606 katika nchi nne, Angola, Kenya, Uganda na Kongo yetu hii, na upande wa Kinshasa kazi iliongozwa na daktari Léon Tshilolo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2019. Maumivu yalipungua kuliko nusu, malaria ilipungua nusu, watoto waliohitaji kuongezewa damu walipungua sana, na vifo pia vilipungua. Dawa hii inataka daktari anayepima damu mara kwa mara, kwa hiyo msiinunue kwa muuza dawa wa sokoni. Lakini mwambieni daktari wenu neno hilo, hidroksiyurea. Daktari mzuri hakasiriki mama akiuliza.

Sasa mambo ya nyumbani. Mtoto wa chini ya miaka minne au mitano akivimba mikono au miguu, hasa pande zote mbili, bila kidonda, bila kuanguka: muulize muuguzi kuhusu SS hata kama yeye hajasema. Mpe mtoto kunyonya mara nyingi, na kama anakunywa maji mpe maji mengi. Mfunike, umpe joto. Usiweke barafu wala maji baridi, kwa maana baridi ndiyo inayozikaza chembe. Parasetamoli ya kipimo chake inasaidia. Usimkande kwa nguvu, usimnyooshe vidole, na chale usikubali: unafungua ngozi ya mtoto ambaye hana wengu wa kumlinda. Akiwa na homa kubwa, akikataa kunyonya kabisa, akipauka, akihema kwa shida, au uvimbe ukiwa upande mmoja tu na mwekundu wa moto, usingoje asubuhi. Mfupa wenyewe unaweza kuwa umeingiwa na vijidudu, na kwa macho tu hata daktari hawezi kuwa na hakika.

Kidole kimoja kinachovimba kwenye ukucha na kutunga usaha ni jambo jingine, na wengi tunalijua. Lakini nalo lisichezewe. Kidole kikijaa chote kama ndizi, kikabaki kimekunjwa, na kukinyoosha kidogo tu kunamliza mtu, usaha umeingia katika njia ya kano na siku hiyohiyo kinahitaji kupasuliwa hospitalini. Kwa mtoto aliyeungua kiganja kwenye mbabula, maji safi yanayotiririka dakika 20. Wala mawese wala dawa ya meno.

Nina neno moja na walimu wenzangu, na wamama walifikishe kwenye kamati za wazazi. Katika shule zetu kuna wanaopiga viganja kwa fimbo. Nilikuwa na mwanafunzi mwenye kidole kimoja kifupi kuliko vingine, cha kati, mkono wa kuume. Wenzake walimwita jina baya. Aliandika polepole, na mwalimu aliyenitangulia alikuwa anampiga kwenye kiganja kwa uvivu wa kuandika. Baada ya mambo ya mdogo wangu nilimwita mama yake. Ndiyo, mikono ilivimba sana alipokuwa mdogo. Ndiyo, alikuwa SS, walikuwa wanaficha. Mfupa ukikosa damu mahali unapokulia, kidole hubaki kifupi. Hutokea mara chache, lakini hutokea. Sasa anakaa karibu na mlango, ana chupa yake ya maji, anatoka kukojoa bila kuomba ruhusa, na asubuhi za mvua haruki darasani kwenda kufagia uwanja. Anaandika polepole bado. Anaandika vizuri. Na fimbo ya viganja, kwangu, isipigwe kwa mtoto yeyote, awe SS au asiwe, kwa sababu mwalimu haoni damu ya mtoto kwa macho.

Kuhusu wachumba, najua sasa makanisa mengine yanadai karatasi kabla ya kufunga ndoa. Sipingi kupima. Ninapinga karatasi kusomwa na mtu asiyejua tofauti ya S moja na mbili, na ninapinga binti peke yake kupelekwa kupimwa wakati kijana anangoja nje. AS wawili wakipendana wajue hesabu ya maharage, waamue wenyewe.

Mtoto wa mdogo wangu ana miaka mitatu na nusu. Amelazwa mara mbili, ameongezewa damu mara moja, na mikono haijavimba tangu mwaka jana. Anashika biki kwa ngumi kama anapiga twanga, anachora mitumbwi ya baba yake ukutani. Yule msichana aliyefukuzwa alirudishwa. Mama mkwe mwenyewe ndiye aliyekwenda kumtafuta, hakusema kwa nini, alichukua tu kuku mmoja akaenda nao. Kikundi chetu cha likelemba kimekubali kutenga sehemu ya saba ya kila mzunguko kwa ajili ya elektroforezi ya mtoto yeyote wa mwanachama atakayevimba mikono, na tayari watoto wawili wamepimwa. Mmoja ni SS, mmoja ni AS.

Mdogo wangu ana mimba ya miezi saba. Shemeji amekwisha weka pembeni pesa za kipimo, katika bati la maziwa lililo juu ya kabati, na ndani ya bati hilo ameweka pia maharage mawili, jekundu na jeupe. Nilimwuliza ni ya nini. Alisema ni ya kuwaeleza kaka zake.